Niliuza kiwanja cha kisiwani kwa picha, na bado nalipa



Leo siongelei senene wala namna ya kufunga mzigo usimwagike kwenye buti la basi. Naongelea viwanja vya visiwani, maana wiki hizi kila nikifungua simu nakutana na mwenzetu ameposti ufukwe, maji ya bluu, mti mmoja umeinamia ziwa, na chini yake maneno: "Kisiwa tulivu, bei ya kutupa, njoo inboksi haraka kabla hakijaisha." Mtu anauza magauni ya mtumba, halafu katikati ya magauni anaweka robo ekari ya kisiwa. Simcheki. Na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili asiyependa maelezo marefu aende zake na amani: kama hujapanda boti ukaenda, ukakanyaga hicho kiwanja kwa miguu yako na kulala huko angalau usiku mmoja, usikiposti. Hata kamisheni iwe nono vipi. Na ile kauli yetu ya "mimi ni daraja tu, muuzaji na mnunuzi watamalizana wenyewe", kwenye simu na viatu sawa, kwenye ardhi tuiache.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Mimi niko Bukoba mjini, nauza senene, kahawa ya kutafuna na dagaa mtandaoni. Nina mteja wangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani kwa watu, mwenyeji wa Muleba. Kila msimu wa senene ananiagizia, mimi natuma kwa basi hadi kwa mdogo wake Dar, na mdogo wake anatafuta mtu anayesafiri. Hajawahi kunisumbua hela hata siku moja. Ni wale wateja ukiona jina lao kwenye simu unatabasamu kabla hujafungua ujumbe.

Siku moja akaniambia, "Dada, nimechoka. Nataka sehemu yangu kando ya ziwa, kimya, hata kama ni kisiwani. Nikirudi nisisikie mtu ananiita." Wiki hiyo hiyo kaka mmoja tunayefahamiana kupitia dagaa alikuwa amenitumia picha za kiwanja kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Sitakitaja kisiwa, watu wake hawana kosa. Mchanga mweupe, mtupu, hakuna hata nyayo. Milioni nne na nusu. Nikaweka picha stetasi, nikamtumia na dada yangu wa Muscat. Hakulala. Baada ya siku tatu kishika uchumba kikaingia, milioni moja na nusu. Laki tatu nikabaki nazo kama kamisheni, milioni moja na laki mbili nikamrushia yule kaka. Picha nne, dakika kumi za kuchati, laki tatu. Nikajiona nimechelewa kuijua hii biashara, nikawa nahesabu ningepakia senene kilo ngapi kupata faida ile.

Kilichonipeleka kisiwani si uaminifu wangu, nisijisifu. Ni yeye aliniandikia, "Naomba unitumie video ya asubuhi. Nataka kuona jua linatokea upande gani, nijue baraza niliweke wapi." Nikaona aibu kumwambia sijawahi kufika. Nikapanda basi hadi Muleba, bodaboda hadi mwaloni, kisha mtumbwi wa injini pamoja na magunia ya mkaa na kreti za soda. Nahodha alinipa boya nikalivaa kabla hajamaliza kusema. Mtu wa Kagera ukimwambia habari za boya haulizi mara mbili, tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996.

Tumefika jioni, nikalala kwa mama mmoja muuza chai. Nilikwenda kurekodi kimya, lakini usiku ule sikulala vizuri kwa kelele za injini. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi usipokuwepo ndiyo kazi imepamba moto. Boti zinatoka na kuingia, watu wanaitana, redio zinaimba. Asubuhi nikachukua simu, nikashuka kwenda kutafuta ule mti ulioinama. Nikaupata, ni wenyewe. Ila mchanga mweupe sikuuona. Kuanzia mtini hadi kwenye mawe palikuwa pameanikwa dagaa, na kina mama zaidi ya ishirini wameinama wanawatandaza. Bibi mmoja akanipigia kelele, "Mwanangu, pita pembeni, unakanyaga ada za watoto wa watu!"

Nikamwamkia, nikamuuliza kiwanja cha fulani ni kipi. Wakaangaliana, wakacheka, halafu hawakucheka tena. Mmoja akaniuliza taratibu, "Kinauzwa?"

Zile picha, nilikuja kuelewa baadaye, zilipigwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, wengine wanarudi kwao bara, na ufukwe unabaki mtupu siku kadhaa. Ukipiga picha siku hizo utasema kisiwa hakina mtu. Picha haikuwa ya uongo hata kidogo. Ndiyo maana nasema sisi tunaouza kwa picha tuko hatarini kuliko dalali wa mtaani: dalali wa mtaani ataona dagaa, mimi niliona mchanga.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamweleza yote, hadi kamisheni. Mzee wa watu hakunifokea. Akaniambia yule kaka ni mzaliwa wa pale, shamba la baba yake lipo huko juu kwenye migomba na dada zake wawili wanaishi humo. Huku chini kwenye mchanga hana zaidi ya alichonacho mtu mwingine yeyote wa kijiji, yaani nafasi ya kuanika siku yake.

Mengine nimejifunza baada ya kuungua, nayaweka hapa wewe ujifunze bure. Sehemu kubwa ya ardhi ya visiwa vyetu ni ardhi ya kijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Humo kuna maeneo ya matumizi ya pamoja: malisho, makaburi, njia, mwalo, pa kuanikia. Hayo hayana mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuuza. Hata halmashauri ya kijiji, pamoja na mihuri yake yote, hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wanakijiji wote watu wazima. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ina muhuri na sahihi ya mtu mmoja, muulize: mkutano mkuu ulikaa lini? Muhtasari uko wapi? Anayekasirikia swali hilo ameshakujibu.

Halafu kuna zile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa angalia matangazo yetu. Tunauza nini? "Hatua tano kutoka majini." "Unafungua mlango unakanyaga maji." Yaani sifa tunayoipigia kelele ndiyo inayokufanya usijenge. Na ukiacha sheria, ziwa lenyewe halina mkataba na mtu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufikia kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, miji na mialo kuzunguka ziwa ikaingia maji. Kwa yule mama muuza chai alama ya maji bado ipo ukutani, imenifika kiunoni.

Kuhusu dada za yule kaka, hapa naomba tuongee taratibu kwa sababu ni mambo ya kwetu.

Alipobanwa alisema basi atatoa kipande cha shamba la juu badala ya mchanga. Nikamuuliza dada zako wamekubali? Akasema, "Wale ni wanawake, ardhi ni ya ukoo." Sisi Wahaya tunaijua hiyo lugha. Lakini waitu, hiyo kesi ilishapita hapa hapa Muleba. Mwaka 1988 mama mmoja, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, shilingi 300,000, akamuuzia mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia na kubatilisha mauzo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyonayo mwanaume, mauzo ni halali, na mtu wa ukoo anayeitaka ile ardhi airudishe kwa kulipa bei iliyouzwa. Kesi ya Muleba, inafundishwa vyuo vikuu hadi nje ya nchi, na bado mtu anakwambia dada zake si kitu.

Kwa hiyo mnapouliza "nani mwenye kiwanja", msiulize jina moja. Kuna mke? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kuna dada? Kuna wajane? Kuna mdogo wake yuko Mwanza hajapigiwa simu? Mnunuzi wako wa mbali hawezi kuyajua hayo. Amekuamini wewe uyajue.

Najua jibu litakuja: "Sasa dada, unataka tusiuze ardhi kabisa? Watu wananunua visiwani kila siku." Wananunua, ndiyo. Na wapo wanaonunua vizuri. Nimemwona mmoja, mwalimu mstaafu: alipanga chumba kisiwani miezi minne, akanunua chai kwa yule mama, akajulikana. Ndipo akaomba eneo kwa kijiji, mbali na maji, mkutano ukakaa, majirani wakasimama kwenye mipaka mbele ya mtendaji, na sasa anafuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Sasa wewe mwenzangu una bando la wiki na picha nne, utamfanyia mtu kazi ya mwaka mzima ndani ya inboksi?

Na wale mnaoposti kwa Kiingereza mkitafuta Mzungu: Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taratibu za uwekezaji. Ukimpokea hela ukamwandikisha kiwanja kwa jina la shemeji yako ili "mambo yaende", ujue siku shemeji akibadilika wa kwanza kutafutwa ni wewe mwenye akaunti.

Neno "tulivu" nalo linanikera. Tunalitumia kana kwamba visiwa vilikuwa vinatusubiri. Goziba, Ikuza, Kerebe, Mazinga, Bumbire, hizo zote ni kata za Wilaya ya Muleba, zina vijiji, kuna watu wamezaliwa na kuzikwa humo. Bumbire ilipita katika vitabu vya Wazungu tangu mwaka 1875: Stanley alitua pale Aprili, wenyeji wakamnyang'anya makasia, na Agosti akarudi na bunduki akawapiga watu waliosimama ufukweni, yeye akiwa majini. Aliviangalia visiwa vyetu kutoka kwenye chombo, akaondoka, akaandika. Sisi tunaviangalia kutoka kwenye simu.

Kisiwa kilicho kimya kweli ninachokijua mimi kwenye ukanda huu wa ziwa ni Rubondo, na kule hakuna anayekuuzia kiwanja. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kuna sokwe, waliachiwa pale kati ya mwaka 1966 na 1969 wakitokea nje ya nchi, na leo wazao wao wanajitegemea msituni. Ila kimya kile kilikuja baada ya watu waliokuwa wakiishi pale kuhamishwa. Ukitaka kisiwa bila injini za usiku na bila dagaa mchangani, jua kuna mtu aliondolewa ndipo ukakipata. Kama mteja wako anataka kimya cha namna hiyo, mpeleke Rubondo akalipie kiingilio, alale, asikilize ndege, arudi nyumbani na hela yake iliyobaki.

Na hapo kuna biashara, nisiwe wa kukataza tu. Musira tunaiona kutoka ufukweni Bukoba kila asubuhi, mtumbwi tu unakufikisha. Kuna wageni wanakuja Bukoba kwenye harusi na mazishi, siku mbili hawana la kufanya. Mpeleke mtu matembezi, mpikie samaki, mpe kahawa, mrudishe salama kabla ziwa halijachafuka mchana. Ukikosea, umekosea chakula cha siku moja, unaomba radhi mnaendelea. Hiyo ni biashara ya ukubwa wetu. Gauni lisipomwenea mteja analirudisha. Kilo ya senene ikitoka na harufu narudisha elfu ishirini na tano, yameisha. Kiwanja cha kina mama ishirini utakirudishaje, na utamrudishia nani?

Wengine mtasema basi weka masharti kwenye posti: "Mnunuzi ajiridhishe mwenyewe." Nimeyafikiria. Dada yangu wa Muscat angejiridhisha vipi? Likizo yake ni baada ya miaka miwili. Alijiridhisha kwa kuniuliza mimi. Nilipompa picha, yeye aliona nimemwambia, "Nimefika, ni pazuri." Sikuandika maneno hayo popote, na ndiyo aliyoyanunua.

Nilimpigia siku ile ile, bado niko kisiwani, mtandao unakatika katika. Nikamwelekeza simu kwenye ule mchanga. Akaona kina mama, akaona dagaa. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika. Akasema, "Dada, mama yangu ndivyo alivyonisomesha. Alikuwa anaanika dagaa." Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nalo jibu: "Wewe hukujua?"

Yule kaka alirudisha laki saba. Zilizobaki anasema alishanunulia nyavu, na kwa sura niliyoiona sidhani kama anadanganya. Kumshitaki nimeshauriwa nifanye, bado sijaamua, sababu dada zake wameniomba wao wenyewe, na kesi ya ndugu huwa inakula mashamba. Laki tatu zangu za kamisheni nilizirudisha siku hiyo hiyo nilipofika Bukoba. Laki tano zilizobaki nimezitoa kwenye mtaji wa senene, msimu uliopita nikanunua nusu ya mzigo niliozoea. Nimeshalipa laki tatu. Yeye hajawahi kunidai kwa maneno. Ananiandikia tu, "Salama dada?" na mimi najua anachouliza.

Bado anataka sehemu yake. Nimemwambia akija likizo tutakwenda wote, tulale kwa mama wa chai usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, halafu ndiyo aseme. Laki mbili zilizobaki nitazimaliza senene zikishuka Novemba. Wale mnaoagiza kutoka kwangu, mwaka huu naomba mlipie mapema kidogo, mtaji ni mdogo.